Nodi Ni Nyingi, Wenye Nodi Ni Wangapi?

Barua nyingi zilizofika safari hii zinahusu mitandao ya kijamii inayoweka maandishi ya watumiaji wake katika blokicheni, yaani daftari la kidijitali ambalo kurasa zake, ziitwazo bloku, hufungamanishwa moja baada ya nyingine kwa namna ambayo ukurasa wa nyuma hauwezi kubadilishwa bila kuvuruga zote zinazoufuata. Daftari hilo halikai katika kompyuta moja. Nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi zinazowasiliana, na kila moja kati yake huitwa nodi. Maswali mengine yalifanana, kwa hiyo nimeyaunganisha.

Swali: Mimi ni mwandishi, na kwa miaka miwili sasa ninaweka makala zangu katika mtandao wa kijamii wa blokicheni. Niliambiwa kwamba mtandao wa aina hii hauzimiki kwa sababu hauna seva moja. Mwezi uliopita programu ninayoitumia ilinionyesha ukurasa mtupu kuanzia asubuhi hadi jioni. Je, nilidanganywa? Na makala zangu zilikuwa wapi muda wote huo?

Jibu: Hukudanganywa, ndugu mwandishi, ila ulipewa nusu ya habari. Kati ya kidole chako na daftari lenyewe kuna kazi kadhaa zinazofanywa na kompyuta tofauti, na iliyokwama siku ile huenda kabisa haikuwa ile uliyoambiwa haizimiki.

Kazi ya kwanza ni kutengeneza bloku. Tuchukue mfano wa Steem, mtandao uliozinduliwa Machi 2016 na Ned Scott na Dan Larimer, ambao ni miongoni mwa ile ya mwanzo kabisa kuwawezesha watu wa kawaida kuandika makala juu ya blokicheni. Humo bloku mpya hutoka kila baada ya sekunde 3, sawa na bloku 28,800 kwa siku. Wanaozitengeneza huitwa mashahidi. Mashahidi 20 wenye kura nyingi zaidi hushika nafasi zao maadamu kura zinawatosha, na nafasi ya 21 huzungushwa miongoni mwa wale walio chini yao. Zamu ikiwapitia wote 21, zimepita sekunde 63. Kompyuta ya shahidi mmoja ikizimika wakati wa zamu yake, nafasi hiyo hubaki tupu na anayefuata huendelea sekunde 3 baadaye, wala msomaji hatambui lolote. Shahidi asipotoa bloku kwa siku nzima, mtandao wenyewe humtoa katika zamu mpaka atakapojitangaza upya. Hii ndiyo sehemu uliyosifiwa, na sifa hizo zina msingi.

Kazi ya pili ndiyo inayosahauliwa. Programu yako haizungumzi na mashahidi. Wengi wao huficha anwani za kompyuta zao ili zisishambuliwe, na tena daftari walilo nalo limepangwa kwa mfuatano wa wakati tu, si kwa mwandishi wala kwa mada. Ili uonyeshwe makala 20 za mwisho za mtu fulani pamoja na majibu yaliyoandikwa chini yake, lazima awepo aliyekwisha kulisoma daftari zima tangu bloku ya kwanza, akalipanga upya katika hifadhidata, na akawa tayari kujibu maombi ya watu wengi kwa wakati mmoja. Huyo ninamwita nodi ya huduma. Kuiandaa si jambo la mchana mmoja: inahitaji diski kubwa, kumbukumbu ya kutosha na muda mrefu wa kuchakata historia yote kabla haijawa tayari kumjibu mtu wa kwanza. Kwa sababu hiyo nodi za huduma ni chache kuliko nodi za kawaida, na programu nyingi, kwa uvivu au kwa haraka, huandikwa zitegemee moja tu.

Juu ya hapo kuna tovuti au programu yenyewe, yenye jina lake la intaneti, cheti chake cha usalama na seva yake ya kawaida kabisa. Cheti kikipitwa na tarehe, milango yote hufungwa hata kama mashahidi wote 21 wako kazini.

Makala zako, kwa hiyo, zilikuwa salama katika kila nodi iliyotunza nakala kamili. Njia ya kulihakikisha hilo siku nyingine ni rahisi. Fungua programu tofauti inayosoma blokicheni ileile, au tovuti inayoonyesha bloku zinavyoingia, kisha tazama namba ya bloku ya mwisho. Ikiwa inaongezeka kila baada ya sekunde chache, mnyororo, yaani blokicheni yenyewe, uko hai na tatizo liko langoni. Ikiwa imesimama, hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi.

Swali: Je, picha na video zangu nazo ziko ndani ya blokicheni?

Jibu: Kwa kawaida, hapana. Kilichomo ni maandishi na kiungo kinachoelekeza picha ilipo, na picha yenyewe hukaa katika seva ya mtu fulani. Seva hiyo ikiondoka, makala hubaki ikiwa na alama ya picha iliyovunjika. Baadhi ya huduma za video hutumia IPFS, mfumo unaoliita faili kwa alama inayotokana na yaliyomo badala ya mahali lilipo, lakini hata humo faili hudumu tu iwapo yupo anayeendelea kulitunza. Weka nakala zako mwenyewe.

Swali: Mtandao mmoja una watengeneza bloku 21, mwingine unajivunia maelfu. Marafiki zangu wanasema wenye 21 si ugatuzi hata kidogo. Ni idadi gani inatosha?

Jibu: Wingi si hoja, wahenga walisema, na katika jambo hili ni kweli kabisa. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka kwa takriban saa sita duniani kote. Kampuni hiyo haikuwa na upungufu wa seva. Amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata uti wa mgongo wa mtandao wake wa ndani, seva za majina zikajiondoa katika intaneti, na mashine zote, kwa wingi wake, zikawa hazifikiki. Seva zilikuwa nyingi sana, mkono ulioziongoza ulikuwa mmoja.

Hesabu yenyewe inasaidia kuona jambo hili. Nodi inayopatikana kwa asilimia 99 ya muda inaonekana nzuri, lakini hiyo asilimia 1 iliyobaki ni zaidi ya siku 3 na nusu kwa mwaka. Ukiwa na nodi 3 za aina hiyo, na kila moja ikaanguka kwa sababu zake zisizohusiana na za wenzake, uwezekano wa zote kuwa chini kwa wakati mmoja ni 1 kwa 1,000,000, yaani kama sekunde 32 tu katika mwaka mzima. Faida hiyo ni kubwa mno, na ndiyo inayowafanya wengi waamini kwamba kuongeza nodi ni kuongeza uthabiti. Lakini hesabu yote imesimama juu ya maneno yale machache: sababu zisizohusiana. Nodi zote 3 zikiwa katika kituo kimoja cha data, au chini ya akaunti moja ya malipo, au zikiendesha toleo moja la programu lenye kosa lilelile, zitaanguka pamoja, na ule uwezekano wa 1 kwa 1,000,000 unarudi kuwa 1 kwa 100, kana kwamba nodi mbili za ziada hazikuwapo.

Mambo haya yameshatokea. Novemba 2022 kampuni ya Hetzner ya Ujerumani, inayokodisha seva, ilizifungia nodi za Solana, blokicheni nyingine, zilizokuwa katika mashine zake. Karibu nodi 1,000 zilikatika kwa mpigo, zikiwa zimebeba takriban sehemu ya tano ya hisa zote (yaani tokeni, sarafu za mtandao, zinazompa mwenye nazo nguvu ya kuamua) zinazothibitisha bloku. Mtandao haukusimama, kwa kuwa mifumo ya namna hiyo huvumilia kupotea kwa hisa zisizofikia theluthi moja, lakini umbali kati ya sehemu ya tano na theluthi si mkubwa wa kumfanya mtu alale usingizi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Septemba 2021, mtandao huohuo ulisimama kwa takriban saa 17 baada ya kufurikwa na maombi ya roboti. Safari hiyo wingi wa nodi haukusaidia, kwa kuwa zote zilikuwa na programu ileile na zilielemewa kwa namna ileile.

Huo ni upande wa kuanguka. Upande wa kutwaliwa, ambao mimi unanigusa zaidi, ulionekana katika Steem mwaka 2020, na naomba nikae hapo kidogo.

Kampuni iliyoanzisha Steem, Steemit Inc., ilikuwa na akiba kubwa ya tokeni iliyojipatia siku za mwanzo, na jamii ilikuwa imezoea kuahidiwa kwamba akiba hiyo ni ya maendeleo ya mtandao, haitatumika kupigia kura mashahidi. Tarehe 14 Februari 2020 ikatangazwa kwamba kampuni imenunuliwa na Justin Sun, mwanzilishi wa blokicheni nyingine iitwayo Tron. Siku chache baadaye mashahidi, kwa hofu, waliweka toleo la programu lililozuia akiba ile isitumike. Tarehe 2 Machi masoko ya kubadilishia sarafu, yakiwamo Binance, Huobi na Poloniex, yalitumia tokeni zilizowekwa humo na wateja kupiga kura, na nafasi zote 20 za juu zikashikwa na akaunti mpya. Binance na Huobi baadaye ziliondoa kura zao, lakini picha ilikuwa imekwisha kuonekana. Tarehe 20 Machi sehemu kubwa ya jamii ilinakili daftari, ikaacha nje ile akiba, na kuanzisha mnyororo mpya uitwao Hive. Tarehe 20 Mei upande wa Steem ukatoa toleo lililochukua takriban tokeni milioni 23.6 kutoka katika akaunti 64.

Iliwezekanaje viti vyote 20 vibadilike katika siku moja? Jibu liko katika kanuni moja ya kura ambayo wachache waliijali. Kila akaunti iliruhusiwa kuchagua mashahidi 30, na kila mmoja wa hao 30 alipata uzito wote wa hisa za mpiga kura, bila kugawanywa. Kwa kanuni hiyo, mwenye hisa nyingi kuwazidi wapinzani wake hapati sehemu ya viti kwa kadiri ya hisa zake. Anapata viti vyote. Mashahidi walikuwa 20, wakiishi katika nchi tofauti, wakiendesha seva tofauti. Kwa macho ya fundi, mtandao ulikuwa umegatuliwa vizuri. Kwa macho ya kura, ulikuwa umebaki kumsubiri mtu mwenye fungu kubwa la kutosha.

Sitaki kuwapaka mafuta mashahidi wa awali. Kuzuia mali ya mtu kwa makubaliano ya watu 20 ni uwezo wa kutisha hata unapotumiwa kwa nia njema, na waliochukua tokeni za wenzao mwezi Mei walitumia mlango uleule uliofunguliwa Februari.

Kwa hiyo nikiambiwa idadi ya nodi, mimi huuliza maswali mengine. Ni watu au taasisi ngapi zinazomiliki nodi hizo? Ziko kwa wakodishaji wangapi wa seva? Zinaendesha programu ngapi tofauti, au zote ni moja? Na nani aliyechagua waendeshaji, kwa fedha za nani? Mtandao wenye watengeneza bloku 21 wasiojuana una afya kuliko wenye 2,000 walio chini ya wakodishaji wawili. Marafiki zako wanaweza kuwa na haki kuhusu mtandao fulani, lakini hawawezi kuijua haki hiyo kwa kuhesabu tu.

Swali: Ninatengeneza programu ndogo inayosoma na kuandika katika blokicheni ya kijamii. Ninatumia nodi moja ya umma, nayo hunisumbua: mara hujibu, mara hunyamaza, mara huleta makala za jana. Nifanye nini kabla sijaendesha nodi yangu mwenyewe?

Jibu: Dalili ya tatu uliyoitaja, makala za jana, ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Nodi iliyonyamaza inajulikana kwamba imenyamaza, ilhali nodi inayojibu upesi na kwa adabu huku ikiwa imebaki nyuma humpotosha kila anayeiuliza. Tarehe 11 Novemba 2020 kampuni ya Infura, ambayo nodi zake zilitumiwa na programu nyingi za blokicheni ya Ethereum, ilijikuta ikiendesha matoleo ya zamani ya Geth, programu ya kuendeshea nodi, yenye kosa, na nodi zake zikatengana na mnyororo ambao wengine walikuwa wakiufuata. MetaMask, pochi ya kidijitali ya kutunzia sarafu, iliyozitegemea nodi hizo, ikaonyesha habari zisizo sahihi, na baadhi ya masoko ya sarafu yakasitisha utoaji wa fedha. Waliokuwa wameboresha nodi zao wenyewe waliendelea bila kutetereka. Ethereum ilikuwa hai, lango ndilo lililopotea.

Basi usitosheke na nodi kujibu. Iulize namba na wakati wa bloku yake ya mwisho, uulinganishe na saa, na kama imechelewa kwa zaidi ya nusu dakika katika mnyororo wa bloku za sekunde 3, iweke kando. Uwe na orodha ya nodi 3 au zaidi zenye wamiliki tofauti, na ukipata nafasi hakikisha hazimo katika kituo kimoja cha data, kwa sababu nimeona majina matatu tofauti ya intaneti yakielekea kwenye mashine moja. Orodha hiyo isizikwe ndani ya programu. Ikae mahali unapoweza kuibadilisha bila kutoa toleo jipya, na mtumiaji aruhusiwe kuandika anwani ya nodi anayoitaka yeye.

Nodi ya kwanza ikishindwa, usiikimbilie ya pili papo hapo na kwa fujo. Subiri kidogo, na muda wa kusubiri uongezeke kila unaposhindwa, tena uchanganywe na bahati nasibu kidogo, la sivyo programu zote zilizokuwa zikitegemea nodi iliyoanguka zitamiminika kwa jirani yake katika sekunde moja na kumwangusha naye. Kwa kusoma, mtumiaji abaki na nodi moja kwa kikao kizima isipokuwa ikishindwa, kwani ukichukua ukurasa wa kwanza kwa nodi moja na wa pili kwa nyingine iliyo nyuma kidogo, kuna makala zitakazorudiwa na nyingine zitakazorukwa.

Kuandika kuna mtego wake. Ujumbe uliokwisha kutiwa sahihi una alama yake ya pekee na muda wake wa kuisha, kwa hiyo ukiutuma uleule kwa nodi ya pili hauna madhara, maana mnyororo utakataa kuupokea mara mbili. Kosa ni kutia sahihi upya kila mara nodi inapokawia. Kwa makala katika Steem au Hive madhara ni madogo, kwa kuwa makala yenye mwandishi na anwani ileile huhesabiwa kuwa marekebisho ya ile ya kwanza. Kwa kutuma tokeni, sahihi mbili ni malipo mawili, na hakuna ofisi ya kwenda kuomba urudishiwe. Tia sahihi mara moja, uhifadhi, utume ule ule mpaka uonekane ndani ya bloku au muda wake uishe.

Swali: Nani analipa gharama za nodi hizi zote? Na kwa nini afanye hivyo?

Jibu: Mtengeneza bloku analipwa na mtandao wenyewe: katika Steem na Hive, sehemu ya kumi ya tokeni mpya huenda kwa mashahidi. Nodi ya huduma, ile yenye mzigo mkubwa kuliko zote, kwa kanuni za mnyororo hailipwi chochote. Wengi wanaoiendesha ni mashahidi wenyewe wanaotaka kuonekana wakitumikia jamii ili wapigiwe kura, au ni watu walioomba msaada katika mfuko wa mapendekezo, unaogharimia kazi zinazopendekezwa na kupigiwa kura na wenye hisa, utaratibu ulioingia Steem mwezi Agosti 2019 na ambao Hive iliurithi.

Naona hapa ndipo palipo udhaifu mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote, na mara chache huzungumzwa. Wote hawa wanapata mapato yao kwa sarafu moja. Bei ya sarafu hiyo ikianguka, mapato ya kila mmoja hupungua wiki hiyohiyo, ilhali bili ya seva inabaki palepale kwa fedha za kawaida. Nodi ambazo ziko katika nchi mbalimbali, kwa wamiliki mbalimbali na wakodishaji mbalimbali, zinaweza kuzimwa pamoja kwa sababu moja ambayo hakuna mtambo wa uangalizi unaoipima. Programu yenye kipato chake kutoka kwa wasomaji au wateja, ikiendesha nodi yake yenyewe kwa kipato hicho, inaongeza uimara wa mtandao kuliko nodi nyingine kumi zinazosubiri tokeni. Kama una biashara inayotegemea mnyororo fulani, gharama ya nodi yako iingize katika bajeti kama unavyoingiza umeme.

Swali: Kwa matatizo haya yote, tunahitaji blokicheni kweli? Nasikia kuna mitandao iliyogatuliwa isiyoitumia.

Jibu: Ipo, na mingine inafanya kazi vizuri. Mastodon, iliyoanzishwa mwaka 2016, ni seva nyingi zinazozungumza kwa itifaki ya ActivityPub, ambayo shirika la viwango la W3C liliipitisha Januari 2018. Kila seva ina mwenyewe na kanuni zake, na ikianguka, nyingine hazijali. Bei yake ni kwamba akaunti yako ni ya seva hiyo: mwenye seva akiamua kuizima bila taarifa, jina lako linaondoka nayo. Nostr imechukua njia nyingine. Mtumiaji ana ufunguo wake, anatia sahihi ujumbe na kuutuma kwa seva kadhaa za kupokezana ambazo hazina haja ya kujuana, hivyo hakuna mmoja anayeweza kumnyang'anya jina, lakini pia hakuna anayewajibika kukutunzia ujumbe wako wa mwaka juzi. Farcaster imegawa kazi: usajili wa akaunti uko katika blokicheni ya OP Mainnet, na jumbe zenyewe zinasambazwa katika mtandao wake wa nodi nje ya hapo.

Mgawanyo huu wa mwisho naupenda. Jambo linalohitaji makubaliano ya wote ni nani mwenye jina gani, na fedha zimetoka kwa nani kwenda kwa nani. Salamu za asubuhi hazihitaji kupigiwa kura na kompyuta elfu moja. Hata hivyo, kwa mwandishi anayetaka ushahidi kwamba maneno yake yaliandikwa siku fulani na hayajaguswa tangu hapo, daftari moja lisilofutika lina thamani ambayo sijaiona mahali pengine, na sitamshauri aliache.

Swali: Mimi si fundi. Ni mtumiaji wa kawaida wa Hive. Je, kuna lolote ninaloweza kulifanya, au nisubiri tu mafundi?

Jibu: Lipo, ndugu msomaji, tena kuna mengine ambayo hakuna fundi anayeweza kukufanyia.

Anza na funguo. Akaunti ya Hive ina ufunguo wa kuandikia makala, ufunguo wa kuhamishia fedha, ufunguo wa jumbe za siri, na ufunguo wa umiliki unaoweza kuzibadilisha funguo nyingine zote. Programu ya kusomea na kuandikia ipe ule wa makala pekee. Ufunguo wa umiliki uandike uuweke nje ya kompyuta, kwa sababu hakuna nodi hata moja itakayoweza kukurudishia ukiupoteza, na huo ndio upande wa pili wa kutokuwa na mwenye mtandao.

Kisha sakinisha programu ya pili inayosoma mnyororo huohuo, uingie humo mara moja sasa hivi wakati mambo ni shwari, si siku ya dhoruba. Hive ina kadhaa, kama PeakD na Ecency. Katika mipangilio ya programu nyingi za aina hii kuna mahali pa kuchagua nodi, pafahamu. Siku ukurasa utakapokuwa mtupu, jaribu nodi nyingine kabla ya kufuta programu na kuisakinisha upya, jambo ambalo watu wengi hulifanya kisha wakagundua kwamba hawakumbuki ufunguo.

La mwisho ni kura za mashahidi, ambazo watumiaji wengi hawajawahi kuzigusa. Baada ya yaliyotokea mwaka 2020, Hive iliweka kwamba hisa mpya haina nguvu ya kumpigia kura shahidi mpaka zipite siku 30, ili soko la sarafu au mtu mwingine yeyote asiweze kununua leo na kutawala kesho. Siku hizo 30 zina maana iwapo tu wenye hisa za zamani wako macho. Usiwapigie kura watu 30 kwa kuwa nafasi ni 30. Pigia wale unaojua wanaendesha nini: nani ana nodi ya huduma iliyo wazi kwa umma, nani anatangaza matengenezo kabla ya kuyafanya, nani anasema seva zake ziko kwa mkodishaji gani. Mashahidi wengi huandika taarifa hizo katika kurasa zao, na asiyeziandika, mwulize hadharani chini ya makala yake, kwa heshima. Zitazame pia kura ulizozipiga zamani, kwa maana katika Hive akaunti isiyoshiriki katika kura za uongozi kwa mwaka mzima kura zake hufutwa zenyewe, na huenda zako hazipo tena.